Baba Amenikataza Kitabu Ambacho Chuo Kimetuagiza Sote Tukisome

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi na wazazi wangu Ngamiani, Tanga. Nilimaliza Kidato cha Sita mwezi Mei mwaka jana, nikaenda JKT Maramba kwa mujibu wa sheria, na niliporudi nilianza kuomba vyuo vya nje kwa msaada wa mwalimu wangu wa zamani. Mungu alijalia, mwezi Aprili nikapata nafasi katika chuo kimoja kidogo cha mashariki mwa Marekani pamoja na ufadhili wa masomo. Zimebaki wiki tano nisafiri.

Mwezi Juni chuo kilituandikia barua pepe wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, kikatueleza kwamba tunatakiwa kusoma kitabu kimoja, kile kile kwa wote, kabla ya kufika, na kwamba katika juma la kwanza tutagawanywa katika vikundi vidogo ili tukizungumzie pamoja na wahadhiri. Nakala ya kuchapwa walisema wameituma kwa njia ya Posta, lakini mpaka leo sanduku la mjomba, ambalo ndilo anwani yetu, halijapata kitu. Kwa kuhofia kuchelewa, nilipakua nakala ya kusomea kwenye simu kupitia maktaba ya chuo, nami huisoma kwa simu ya mama kwa sababu yangu kioo chake kimepasuka.

Ni riwaya ya kurasa 286. Inamhusu kijana wa kiume, mtoto wa wahamiaji wenye duka la udobi katika mji mdogo wa Marekani, ambaye anagombana na babake, anaondoka nyumbani usiku, wala haagi.

Baba yangu ni fundi cherehani. Si mtu mkali, na wala hapingi safari yangu, maana aliuza moja ya cherehani zake mbili ili zipatikane fedha za pasipoti na viza. Jioni moja alikuja kukaa karibu nami barazani akaniomba nimsomee ninachokisoma, nimtafsirie kidogo kidogo. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimefika ukurasa wa 23, ambapo kijana yule amelewa na anamtolea babake maneno ambayo hata kuyatamka mbele ya mzazi ni aibu. Nikaanza kuruka mistari. Baba akagundua, akaichukua simu, akasoma mwenyewe kurasa mbili tatu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kidole kikifuata mstari. Kisha akanirudishia simu akasema, "Hujafika, na tayari wameshaanza. Hicho kitabu kiache." Hakupandisha sauti, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo, yapata wiki mbili, nasoma usiku ndani ya chandarua, mwanga wa simu nimeupunguza kabisa. Nimefika ukurasa wa 61. Kuna mahali, ukurasa wa 48, ambapo mama wa yule kijana, ijapokuwa mwanawe ameondoka miezi mingi, bado kila Jumamosi huyapiga pasi mashati yake matano na kuyatundika nyuma ya mlango. Niliposoma hapo nilishindwa kuendelea, nikaizima simu. Mama yangu anajua ninachofanya, kwa sababu kila asubuhi huikuta simu yake haina chaji, lakini amenyamaza.

Binamu yangu wa Dar es Salaam ananiambia najisumbua bure. Anasema niiombe programu ya akili mnemba inipe muhtasari wa kurasa nne, niukariri, baba awe radhi na chuo kisijue. Jirani naye amenishauri nikichapishe kitabu chote steshenari nikisomee kwake.

Naomba unisaidie, Shangazi. Nikiacha kusoma, chuo kinaweza kuninyang'anya ufadhili? Nikiendelea kwa siri, sitakuwa nimemwasi baba siku chache kabla ya kuagana naye? Na hata nikikimaliza, Kiingereza changu ni cha kujibia mitihani. Naogopa kukaa katika kikundi cha watoto waliozaliwa nacho nikabaki kutikisa kichwa.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga


Marahaba, mwanangu, na hongera ya kupata nafasi.

Nianze na la ufadhili, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko hata ule mwanga wa simu. Desturi ya kuwapa wanafunzi wapya kitabu kimoja cha pamoja imeenea sana katika vyuo vya Marekani. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa mfano, kilianza mpango wake mwaka 1991. Kamati ya wahadhiri na wakutubi, na mahali pengine wanafunzi pia, huchagua kitabu, wageni wote hukisoma katika likizo yao ya majira ya joto (miezi ambayo sisi huku kusi linavuma na watu wamejifunika shuka), na wanapofika hukaa katika vikundi na kukizungumzia. Mara nyingi anayeongoza kikundi si mwalimu wa fasihi hata kidogo; anaweza kuwa mhadhiri wa kemia au wa uchumi, ambaye naye amekisoma kwa mara ya kwanza kama ninyi. Kinachotafutwa ni kwamba wewe wa Ngamiani na mwenzako wa New York, ambao hamjui mtaanzia wapi hata kusalimiana, muwe na jambo moja mnalolijua wote kabla hamjajuana majina. Kwa kawaida hakuna mtihani wala alama, ingawa vyuo vingine huagiza insha fupi. Ufadhili wako unaendeshwa na masharti yaliyoandikwa katika barua yake. Itoe bahashani, uisome upya mstari kwa mstari, na usipokuta humo habari za kitabu, hofu hiyo itue chini.

Hata hivyo usikae ukikisia. Iandikie ofisi inayowapokea wanafunzi wapya, uulize kama kuna insha, kama kikundi kinatolewa alama, na kama unaweza kukuta nakala ya kuchapwa ikikungoja chuoni endapo ile ya Posta haitafika. Barua ya mistari sita inatosha. Itume kabla ya saa kumi jioni, maana saa kumi yetu ndiyo saa tatu yao ya asubuhi katika miezi hii, nao wataikuta juu ya nyingine zote wanapofungua ofisi.

La steshenari liache. Nakala uliyo nayo umeazimwa na maktaba, na kukichapa kitabu kizima bila idhini ya mwenyewe ni kwenda kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, sembuse kukifanya nyumba ya jirani kuwa maficho. Jirani huyo ana moyo mzuri, lakini leo atakuficha na kesho atasimulia.

Ushauri wa binamu yako nao nimeutafakari, kwa sababu vijana wengi wataufuata na baadhi yao hawatagunduliwa. Muhtasari ungekueleza, bila kosa lolote, kwamba kijana aligombana na babake akaondoka, na kwamba mamake alihuzunika. Je, ungekuambia habari ya mashati matano nyuma ya mlango? Labda ungeyataja kwa nusu sentensi, nawe usingeizima simu. Sasa jaribu kujiona umekaa katika kikundi kile, mhadhiri anauliza ni wapi paliwagusa, wenzako wanataja kurasa, na wewe umebeba kurasa nne ulizozikariri ambazo hazikukugusa popote. Katika shule zetu tumezoeshwa kukikabili kitabu kwa fani na maudhui, tunaorodhesha dhamira, wahusika na mandhari, tunapata alama zetu, na wapo waliofaulu vizuri bila ya kukifungua kitabu chenyewe. Kule hutaulizwa dhamira ngapi. Utaulizwa wewe unaonaje, na hilo huwezi kuliazima kwa mtu wala kwa mashine.

Sasa nije kwa baba yako, ambaye katika barua hii yote nimempenda kuliko mtu mwingine.

Mtu anayeonjeshwa mchuzi kabla tui halijatiwa hana kosa akisema ni mchungu. Baba yako alionjeshwa ukurasa wa 23, na tena akaonjeshwa na mtu aliyekuwa anamficha chungu. Nikikusoma vizuri, alikuwa amekaa kwa utulivu mpaka ulipoanza kuruka mistari, na hapo ndipo alipoinyakua simu. Fundi wa nguo anaijua mishono iliyorukwa hata kwa kupapasa. Angesikia moja kwa moja kwamba huyu kijana amelewa na anamtukana babake, na wewe ukaongeza kwamba umechukizwa, huenda angesema "Astaghfirullah" na kukuambia uendelee tuone mwisho wake. Alichokiona badala yake ni binti anayekwenda mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wake, na tayari ana mambo ambayo hawezi kumsomea babake kwa sauti.

Tena tazama alichokisoma kwa kidole chake. Ni habari ya mtoto anayeondoka nyumbani, na hakiagi chumba wala mtu. Yeye ameuza cherehani ili mtoto wake aondoke. Chuo kilikichagua kitabu hicho kwa ajili ya vijana wanaohama makwao na wala hakikumfikiria fundi wa Ngamiani, lakini kimemfikia yeye kabla yako. Nadhani aliposema "tayari wameshaanza" hakuwa anazungumzia pombe peke yake.

Wala asidhani yuko peke yake duniani katika kukitilia shaka kitabu cha namna hii. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kiliwaagiza wanafunzi wake wapya kitabu cha mwanazuoni Michael Sells chenye tafsiri na maelezo ya sura za awali za Qurani Tukufu. Haukuwa umetimia hata mwaka mmoja tangu mashambulizi ya Septemba 11, na kelele zilizozuka unaweza kuziwazia. Kikundi kimoja cha Kikristo, pamoja na baadhi ya wanafunzi, kilikwenda mahakamani kudai kwamba chuo cha umma kinawalazimisha watoto dini ya watu wengine. Mahakama ilikataa kuusimamisha mpango, na vikundi vikakaa Agosti ile kama ilivyopangwa. Lakini kabla ya hapo chuo kilikuwa kimeshalegeza sharti, kikasema asiyetaka kukisoma na aandike ukurasa mmoja aeleze sababu zake. Msimulie baba kisa hiki. Najua wazazi wa huku watakavyokipokea: kwanza atacheka, kisha ataona kwamba wazazi wa kule nao huogopa kitabu kitamfanya nini mtoto wao, na kwamba mtu anaweza kukataa waziwazi bila ya kufukuzwa.

Lakini kabla ya North Carolina na kabla ya kitu kingine chochote, mwambie umeendelea kusoma. Huwezi kumpeleka kwenye ukurasa wa 48 bila kukiri uliufikiaje. Mwambie ukiwa umekaa chini, bila maneno mengi: "Baba, ulinikataza, nami nimesoma usiku. Naomba radhi." Usimtaje mama. Mama yako anaamka kila siku akiikuta simu haina chaji na ananyamaza, yaani umemweka katikati ya mume na mtoto bila ya kumwomba ruhusa, na njia pekee ya kumtoa hapo ni wewe mwenyewe kusema. Inawezekana baba akakasirika siku mbili. Zimebaki wiki tano. Siku mbili unazo.

Akishapoa, nenda kibandani kwake baada ya sala ya alasiri, saa ambayo wateja wamepungua na yeye anapiga pasi kazi za siku. Mwombe akusikilize ukurasa mmoja tu, na safari hii usiruke mstari. Msomee kwa Kiingereza sentensi moja, kisha mwambie kwa Kiswahili. Ukikwama neno, simama mtafute pamoja namna ya kulisema, maana wewe unajua Kiingereza kumzidi naye anajua Kiswahili kukuzidi. Sina hakika kama yupo mhadhiri yeyote chuoni kwako anayeweza kukuambia kuhusu shati analolijua yeye: kola inaanza upande gani, kwa nini mikono huachwa mwisho, vazi lililokaa bila kuvaliwa linashika mikunjo wapi. Muulize baba: mama yule wa riwayani analipiga pasi shati ambalo halikuvaliwa ili iweje? Andika atakachokujibu, kwa maneno yake, katika daftari.

Ndiyo, hilo ni jibu langu pia kwa hofu yako ya Kiingereza. Nilikaa katika maktaba ya shule ya sekondari kwa miaka 22, na kitabu kilichoazimwa kuliko vyote rafuni mwangu kilikuwa riwaya moja kuukuu iliyokosa kurasa za mwisho. Nilitaka kukitupa. Wanafunzi hawakukubali, kwa sababu kila aliyekirudisha alikuja na mwisho wake na wakabishana mlangoni mpaka kengele ikalia. Na waliokuwa wakitamba katika ubishi huo hawakuwa wale wa alama za juu, walikuwa wale waliokuja na jambo la kwao. Ukifika katika kikundi kile na neno moja la fundi anayejua pasi, hata ukilisema kwa sarufi ya kuchechemea, watakuuliza uendelee.

Kuhusu namna ya kusoma, umebakiwa na kurasa 225. Ukisoma saba kwa siku utamaliza siku ya 33, na zitakusalia siku mbili za kurudia ulipopapenda. Soma mchana. Simu ndani ya chandarua inakuumiza macho na inakufanya usome kama mwizi, mbiombio, sikio likiwa mlangoni. Kama nyumbani kuna pirikapirika, Maktaba ya Mkoa ipo hapo hapo mjini. Kitabu kikiwa kimeshapakuliwa huhitaji bando. Usifungue kamusi kwa kila neno, utachoka ukurasa wa tatu. Pita kwanza mpaka mwisho wa sura, na neno likikurudia mara ya tatu, hapo litafute, kwa sababu hilo mwandishi analihitaji. Kila baada ya sura andika swali moja kwa Kiswahili, lile unalojiuliza kweli, pamoja na namba ya ukurasa. Mengine yatajibiwa mbele na utayakata. Matatu au manne yatakayobaki ndiyo uyageuze kwa Kiingereza juma la mwisho, uyaseme kwa sauti mbele ya kioo mpaka ulimi uyazoee. Siku ya kikundi, jitahidi kulitoa swali lako mapema, kabla wasemaji wakubwa hawajapamba moto. Anayengoja apate sentensi iliyonyooka kabisa hungoja mpaka watu wanaondoka.

Umeniuliza kama utakuwa umemwasi. Ukiendelea kwa siri, naam, nami sitakupamba. Na je, akikusikiliza mpaka mwisho wa ukurasa wa 48 na bado akasema kitabu hiki hapana? Sitakushauri urudi ndani ya chandarua. Una miaka 19 na kule utasoma mengi ambayo hatayaona, lakini hizi wiki tano uko chini ya dari yake, na radhi yake utaihitaji kule kuliko riwaya moja. Kiweke kando, uiandikie ofisi ile ile kwa heshima ueleze kilichotokea, uombe kuhudhuria kikundi ukiwa na kurasa ulizozisoma. Au ukikamilishe baada ya kufika, na umwambie wazi kwamba utafanya hivyo. Mimi nitasikitika, maana naona kinakufaa. Lakini sidhani tutafika huko. Mtu asiyetaka kusikia haji kukaa barazani na kuomba asomewe.

Jambo dogo la mwisho, lisije likasahaulika katika heka heka za kufunga sanduku. Kile kifurushi cha Posta huenda kikafika ukiwa umeshaondoka. Mwachie mjomba maagizo kwamba karatasi ya kukichukulia ikija aipeleke moja kwa moja kibandani kwa baba yako, na ndani ya daftari utakalomwachia mwandikie namba ya ukurasa mliofikia pamoja.

Shangazi